Gogo Alilolifuta Mume Wangu

Mume wangu ni fundi wa friji, lakini ukimuuliza anafanya kazi gani atakwambia yeye ni mpiga picha wa ndege, na kwamba friji ni za kujazia siku tu. Sebule yetu imejaa friji zilizopasuliwa matumbo, na juu ya kila friji kuna kitu cha kamera: kifuniko, mkanda, kitambaa laini ambacho haruhusiwi mtu mwingine kukigusa. Wifi zangu wakija kunitembelea huwaambia nimeolewa uke wenza na lenzi, tena lenzi ndiyo bi mkubwa.

Kanisani wanamwita Baba Ndege. Vijana wa kwaya walimpa jina hilo kwa utani, likamganda. Kila Jumapili kabla ya mahubiri taa za mbele huzimwa, na picha yake moja hutupwa ukutani kwa projekta ikiwa na mstari wa Biblia aliouchagua Mchungaji. Watu hukaa kimya wakiitazama: yangeyange amesimama kwa mguu mmoja, au utando wa buibui wenye umande. Husema amina kwa sauti ya chini, kila mtu kwa wakati wake, na mume wangu pale nyuma kwenye projekta hujifanya anarekebisha waya ili asionekane anavyotabasamu.

Kuna jambo ambalo waumini hawakulijua. Picha zile zilikuwa zimesafishwa, na neno hilo la kusafisha ni lake mwenyewe. Akirudi kutoka porini huketi mbele ya kompyuta na kuanza kufuta chupa za plastiki, waya za umeme, mfuko ulionasa kwenye miiba. Anasugua kwa kipanya, majani ya jirani yanakuja kuziba pengo, na ile chupa haijawahi kuwepo duniani. Nilimuuliza siku moja kama huo si uongo. Akanijibu kwamba Mungu hakuumba chupa za plastiki, kwa hiyo yeye anarudisha tu mambo yalivyokuwa mwanzo. Mwanamume akishapata hoja ya dini, hata mkewe hamtoi hapo, nikamwacha.

Bwawa alilipata baada ya mafuriko ya mwaka juzi. Nyuma ya machimbo ya kokoto yaliyoachwa, nje kidogo ya mji, mto ulivunja kingo ukajaza shimo, kisha ukarudi kwenye mkondo wake na kuyaacha yale maji pale. Yakaota matete na mayungiyungi, akaja na mdiria, yule ndege mdogo wa buluu anayechupa majini na kuibuka na samaki. Picha za bwawa hilo ndizo zilizopendwa kuliko zote. Kuna mama mmoja aliomba achapiwe ya kuning'iniza chumbani.

Alinipeleka huko mara moja. Palikuwa pazuri hadi pakanitia ubaridi, na nilijua sababu kabla sijaweza kuisema. Siku ile jua lilikuwa kali. Juu ya kilima kulikuwa na nyumba za watu, niliona hadi kamba zao za nguo. Lakini pale majini hapakuwa na mwanamke anayefua wala mtoto anayeogelea, na hakuna mbuzi aliyeacha alama ya kwato kwenye tope. Nikamwambia mume wangu, maji mazuri hivi, mbona hayana hata njia ya kushukia? Akasema ndiyo maana anapapenda, kwa sababu hapajachafuliwa. Mimi nikanyamaza, kwa kuwa viatu vilikuwa vinanibana na nilitaka kurudi nyumbani.

Basi, kisima cha ubatizo cha kanisa letu, kile kilichojengwa mbele chini ya mimbari, kikapasuka sakafu na maji yote yakahamia chumba cha kwaya. Wazee wa kanisa wakakaa kikao. Mmoja wao, tunamwita Mzee Ratiba kwa sababu hawezi kuombea hata chai bila kutazama saa, ndiye aliyelikumbuka bwawa la ukutani. Yeye na Mchungaji wakaenda kulitazama mchana mmoja, wakakuta maji yametulia na ukingo una mchanga, kama kwenye picha. Wakarudi wakisema Mungu ametuandalia. Mume wangu alitoka kwenye kikao hicho amevimba kifua kama jogoo.

Miongoni mwa waliokuwa wabatizwe alikuwa kitinda mimba wetu. Dada zake walibatizwa kwa sababu sisi wazazi tuliwaambia wakati umefika. Huyu, msichana wa maneno machache, aliomba mwenyewe, akaenda mafundisho mwaka mzima bila kusukumwa. Nilikuwa namwonea fahari kiasi cha kumwonea haya.

Kazi yangu ni cherehani, kwa hiyo kanzu nyeupe za wabatizwa nilizishona mimi. Kanzu ya ubatizo ina siri yake. Kwenye pindo la chini lazima ushonee vyuma, la sivyo ikiingia majini inajaa hewa na kumpandia mtu hadi shingoni mbele ya kusanyiko lote. Mimi hutumia washa za bolti, zile pete za chuma, ninazoziiba kwenye makopo ya mume wangu. Ikishalowa, kanzu hiyo ni nzito. Unaweza kutembea nayo majini, lakini kukimbia huwezi.

Jumamosi mchana nilikuwa namalizia pindo la kanzu ya binti yetu wakati mume wangu alipokuja kusimama mlangoni. Kwa kawaida akinihitaji hupiga kelele kutoka huko huko aliko. Safari hii alikuja mwenyewe, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyepigiwa simu ya msiba.

"Mke wangu, njoo unitazamie kitu," akasema.

Kwenye kompyuta kulikuwa na picha aliyoipiga wiki ile ile, bado haijasafishwa. Alikuwa anaiandaa kwa ajili ya ukuta wa kesho, kuonyeshwa kabla ya kwenda bwawani. Mdiria alikuwa mbele, juu ya tete, na nyuma yake kushoto, karibu na majani, kulikuwa na gogo jeusi limelala majini. Gogo lilikuwa linaharibu picha, hata mimi niliona. Alishashika kipanya alifute ndipo akakumbuka kwamba alikwisha kulifuta. Mara iliyopita alilifuta upande wa kulia, na kabla ya hapo alilifuta karibu kabisa na ukingo.

Akaniambia, "Lile bwawa halina mkondo. Maji yake hayaendi popote."

Nikamwambia afungue hizo picha nyingine tulinganishe. Akasema hazipo. Yeye husafisha juu ya picha yenyewe, kadi ni ndogo na kompyuta imejaa, kwa hiyo zile za mwanzo hufutika. Akanifungulia moja baada ya nyingine, na kila bwawa lilikuwa na maji matupu yanayong'aa. Yule mtu alikuwa amekaa miezi akifuta ushahidi kwa mkono wake mwenyewe, na sisi tukimwitikia amina.

Akarudi kwenye ile isiyosafishwa, akaikuza. Picha ukiikuza sana huvunjika ikawa viraka vya rangi, lakini kabla haijavunjika niliona. Upande mmoja wa gogo kulikuwa na vinundu viwili vidogo. Nyuma yake kidogo kulikuwa na vingine viwili vikubwa zaidi, na kwenye kimoja kulikuwa na doa la njano. Nikajiambia ni jani. Nikajiambia tena ni jani.

"Ni mamba?" nikamuuliza.

"Sijui."

"Si wewe uliyekuwepo?"

"Nilikuwa namtazama ndege," akasema.

Kisha akanieleza jinsi anavyopiga picha hizo. Hulala kifudifudi ukingoni, viwiko kwenye tope, jicho kwenye kamera, asubuhi nzima bila kutikisika, ili mdiria amzoee. Nilipolisikia hilo nilitafuta kiti. Nilimwona pale amelala na mgongo wake ninaoujua, na lile dude jeusi likisogea kila juma mahali pengine, likimzoea na yeye.

Tulikwenda kwa Mchungaji jioni ile ile. Njiani mume wangu alijiapiza kwamba atasema yote. Tulimkuta Mchungaji ofisini na Mzee Ratiba, wanagawana kazi za kesho: nani atabeba mataulo, nani ataongoza nyimbo, nani atasimamisha magari. Walifurahi kutuona. Mume wangu akakaa, akashika magoti yake, na maneno yaliyomtoka ni kwamba anadhani kuna gogo bwawani, watu wasije wakajikwaa.

Nilimgeukia nisiamini masikio yangu. Picha alikuwa ameichapa kwenye karatasi ya kawaida, nyeusi na nyeupe, wino wenyewe unaelekea kwisha. Mzee Ratiba akavaa miwani akathibitisha kuwa ni gogo kweli. Lakini Mchungaji ni mtu mwenye akili, akauliza swali lililo sawasawa: mbona gogo hilo hajaliona kwenye picha zote zile za ukutani? Mlango ulikuwa wazi kabisa. Mume wangu alichotakiwa ni kupita tu. Akatazama sakafu, akasema labda limeletwa na mvua. Mvua yenyewe tulikuwa tumeisahau sura.

Hapo nikasema mimi. Niliwaambia kwamba naogopa si gogo, naogopa ni mamba, na kwamba limekuwa likihama. Mchungaji hakunicheka. Alimgeukia mume wangu na kumuuliza yeye anasemaje, maana ndiye anayepajua pale kuliko mtu yeyote.

"Mama watoto anaogopa maji tangu zamani," mume wangu akajibu.

Na ni kweli, mimi naogopa maji, kanisa zima linajua nilivyomng'ang'ania mchungaji wa zamani siku ya ubatizo wangu nusura nimzamishe. Wakatabasamu kwa upole. Mzee Ratiba akasema hofu haitoki kwa Mungu. Mchungaji, kwa kunituliza, akaahidi kusimika mti wenye kitambaa cheupe majini, ili mtu asivuke hapo kwenda kwenye kina. Akatuombea safari njema ya nyumbani, nami nilifumba macho kwa hasira tupu.

Nilimsema tangu getini hadi mlangoni kwetu. Nikamwambia mficha uchi hazai. Tulipoingia ndani akaketi juu ya friji ya mteja na kusema jambo ambalo lilinivunja nguvu. Akasema kwamba huko kazini yeye ni fundi anayechelewa tu, watu humpigia simu kumkemea. Pale ukutani ndipo mahali pekee ambapo watu hutazama kitu alichokifanya yeye na kumkumbuka Mungu. Akisema alimfuta mamba, watamuuliza amefuta nini kingine, na kila amina waliyowahi kuisema wataitaka irudi. Nilimwelewa vizuri sana, na kumwelewa huko kukanizidishia hasira, kwa sababu mtoto ni wetu sote wawili.

Hatukujua kwamba binti alikuwa anatusikia. Alitokea chumbani na kanzu yake mkononi, amekwisha kuipiga pasi. Nikamwambia hapo hapo kwamba kesho haendi popote.

"Mama, kama ni mamba, ni wa wote," akasema. "Siwezi kukaa nyumbani halafu wenzangu waingie. Na kama ni gogo, niacheni nibatizwe. Baba, wewe ndiye unayejua. Sema."

Mume wangu akamwahidi. Alisema kesho atasimama mbele ya watu wote kabla mguu wa mtu haujagusa maji. Alimwangalia mtoto machoni akasema hivyo, nami nikaamua kumwamini, kwa kuwa sikuwa na mtu mwingine wa kumwamini. Nilipopiga magoti sikuomba imani. Niliomba gari la kanisa lipate pancha. Nilimwombea hata Mchungaji homa ndogo, Mungu anisamehe.

Mungu hakunisamehe wala hakunisikia. Jumapili ilikuja na mwanga mzuri, na Mchungaji aliamka buheri wa afya. Tulifika bwawani tukiimba. Watu wa nyumba za kilimani walitoka wakasimama juu kule wakitutazama, wala hawakushuka. Mzee Ratiba aliingia majini hadi mapajani, akasimika mti wenye kitambaa cheupe, akatoka akijipangusa na kuangalia saa. Maji yalifanya viduara, yakatulia tena. Nilitazama kila unyasi. Kila kitu cheusi kilinipiga moyoni: kivuli, jiwe, jani lililooza.

Mume wangu alikuwa amepewa kazi ya kupiga picha. Alisimama kando yangu na ile lenzi yake ndefu jichoni, akiipeleka taratibu kutoka matete ya kushoto hadi ya kulia. Nikamwambia sasa, sema sasa. Akaninong'oneza kwamba amelipata. Lilikuwa ng'ambo kabisa, chini ya matete, na halitikisiki. Akasema amelikazia macho na ni gogo, mke wangu, ni gogo, lina hadi magome. Mkono wake ulinishika kiwiko kwa nguvu nikajua hata yeye haamini. Na mimi, pamoja na mdomo wangu wote huu, nilisimama pale nikitaka sana liwe gogo.

Mbatizwa wa kwanza alikuwa mzee mlinzi wa soko. Mchungaji akamwongoza hadi karibu na mti wa kitambaa, maji kiunoni, akasema maneno ya ubatizo, akamzamisha. Mzee akaibuka anacheka, maji yanamtoka puani, watu wakaimba. Nilikuwa nimeuma kidole changu bila kujua. Mzee akatoka kwa hatua fupi fupi, kanzu ikimvuta, na kila hatua yake niliihesabu kama yangu. Akafika mchangani. Nikapumua.

Kisha Mchungaji akanyoosha mkono kwa binti yetu. Alishuka bila kugeuka nyuma. Kanzu ilielea kidogo, vyuma vikaivuta chini. Maji yakafika magotini, kiunoni, chini ya kifua, maana ni mfupi. Mchungaji akamshika mgongoni kwa mkono mmoja.

Nikahisi kiwiko changu kimeachiliwa. Mume wangu alikuwa amekodoa jicho kwenye kamera, anaipeleka kulia, anairudisha kushoto, anaipeleka tena. Midomo yake ilikuwa inacheza.

"Halipo," akasema.

Nikadhani nimezimia nikiwa wima. Sauti yake ilikuwa ndogo, mimi peke yangu niliisikia. Halafu akaiangusha kamera ikaning'inia shingoni, akapaza sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Mchungaji, usimzamishe. Kuna mamba humo. Mimi ndiye niliyemfuta kwenye picha."

Wimbo ulikatika. Mchungaji alibaki vile vile, mkono mgongoni mwa mtoto. Mzee Ratiba akaanza kusema jambo kuhusu hofu na shetani. Mume wangu hakumsikiliza. Alisema kwamba lile alilowaambia ni gogo alikuwa akilifuta kwa miezi, kila mara likiwa mahali pengine, na kwamba sasa hivi lilikuwa ng'ambo na halipo tena.

Mchungaji akamuuliza kwa utulivu, "Una hakika, Baba Ndege?"

"Sina hakika," mume wangu akasema, naye analia. "Ila picha zangu zilikuwa za uongo, na mtoto wangu yuko humo."

Sikungoja jibu. Mimi ninayeogopa maji ya beseni niliingia na viatu vyangu vya Jumapili. Mchungaji akaniambia taratibu, mama, usiyachape maji, nami nikajifunza kutembea upya hapo hapo. Tope lilinishika nyayo. Kitu laini kikanipitia mguuni, nikajua ndiyo basi, kumbe ni shina la yungiyungi. Nilimfikia mtoto nikamshika mkono, mkono wa barafu. Alikuwa ananitazama mimi tu. Tukageuka, Mchungaji akabaki nyuma yetu, kati yetu na kina, na hilo sitalisahau maisha yangu yote, kwamba alibaki nyuma. Kanzu ya mtoto ilikuwa nzito. Niliilaani kila washa niliyoishona kwa mkono wangu. Nilitaka kukimbia hadi meno yakaniuma, lakini tulitembea, hatua, na hatua, na maji yakashuka kiunoni, yakashuka magotini, hadi wanawake wakatudaka na kutuvuta juu mchangani.

Mchungaji alitoka wa mwisho. Tukageuka sote kutazama, na bwawa lilikuwa limetulia kama lilivyokuwa ukutani. Mtu mmoja akakohoa. Mzee Ratiba akaangalia saa yake, akaanza kusema kwamba labda sasa tungeweza.

Kando ya mti wa kitambaa cheupe, pale pale alipokuwa amesimama Mchungaji, vikaibuka vinundu viwili. Nyuma ya hivyo vikaibuka vingine viwili. Havikutoa hata kiduara kimoja. Nyuma ya hapo maji yakaonyesha mgongo, mrefu kuliko nilivyowaza nyumbani, na jicho la njano likatutazama bila haraka. Kisha vyote vikashuka, mti ukatikisika kidogo, maji yakajifunga.

Hakuna aliyepiga kelele. Mzee Ratiba alikaa chini mchangani kama mtoto. Yule mzee mlinzi wa soko, ambaye alikwisha kubatizwa, akaanza kutetemeka hadi wakamfunika mataulo yote. Wale watu wa kilimani ndipo waliposhuka, na mwanamke mmoja akatuambia kwamba mnyama huyo aliletwa na mafuriko, mbwa wao wote wamekwishia humo. Mchungaji akamuuliza mbona hawakutuonya.

"Tulidhani mnajua," akasema. "Tulidhani mna maombi yenu."

Jumapili iliyofuata ukuta ulikuwa mtupu. Mume wangu alisimama mbele akaeleza kila alichokifuta, kuanzia chupa ya kwanza, na hakujitetea. Wapo waliomshika mkono, na wapo ambao hadi leo wakipishana naye hutazama pembeni. Yule mama aliyechapiwa picha ya chumbani aliirudisha, imefungwa kwenye gazeti. Aliyapokea yote. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa siku kadhaa bila kumsemesha, kisha nikaanza kumsemesha, kwanza kwa mambo ya chumvi na sabuni.

Ubatizo ulifanyika uani nyuma ya kanisa, kwenye tangi la plastiki la maji ya mvua. Mafundi wawili waumini walilikata juu kwa msumeno, wakalijaza kwa mpira tangu alfajiri. Tangi ni jeusi, na maji ndani yake yalionekana meusi vilevile, huoni chini. Binti yetu alisimama kando na kanzu yake. Vyuma nilikuwa nimevitoa vyote. Liwalo na liwe, nilisema, na ipande hadi shingoni. Mchungaji alikwisha kupanda ngazi na kuingia. Akamnyooshea mtoto mkono.

Nikasema ngojeni kwanza. Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Nikapita mbele ya wazee wa kanisa, nikapanda ngazi, nikaukunja mkono wa gauni langu la Jumapili hadi begani, nikainama. Nikauingiza mkono majini. Hata hivyo haukufika chini, ikabidi nilale tumbo juu ya ukingo na maji yanifike shingoni. Nikapapasa. Nilipapasa sakafu yote ya tangi lile, kuzunguka miguu ya Mchungaji, nyuma yake, kila kona ya kitu kisicho na kona, na wakati wote huo moyo ulikuwa unanipiga kama nimo bwawani. Mchungaji akainua mguu mmoja, kisha mwingine, ili nipapase chini yake. Sikusikia mtu akicheka. Mzee Ratiba hakutazama saa.

Nikatoa mkono, nikamwambia Mchungaji sasa mchukue. Niliposhuka ngazi nikitiririka maji, nilimkuta pale chini mama wa mbatizwa anayefuata, anakunja mkono wa gauni lake.